Viatu vya Sanamu

Kila alfajiri, kabla ya kufungua lango,
nachukua ndoo na tambara
namwogesha Badi Mwinyikai.
Kunguru wa Mombasa hawana habari na shujaa,
humnyea utosini kama wanavyolinyea
jaa la Kongowea.

Mchongaji hakumwona akiwa hai.
Alipewa picha ya kitambulisho cha chuo,
ile tunayoambiwa tusicheke,
basi akamchonga amenuna
kama mtu anayengoja risiti ya karo.
Mwanya wake haumo.
Na mguu ulioinuliwa kupiga ni wa kulia!
Badi, ambaye mguu wa kulia
ulikuwa wa kushukia ngazi tu.

Nilimwambia mkuu wa chuo siku ya uzinduzi.
Akazitazama funguo kiunoni mwangu,
akasema, "Bawabu, shaba ikishapoa imepoa."

Haya.
Lakini viatu vimepatiwa,
vimepatiwa hadi ule mshono wa kando
niliomlipa fundi wa Mwembe Tayari shilingi hamsini,
uzi mnene wa kushonea maturubali,
umepinda kama jongoo.
Chuo kilitafuta viatu vya fainali,
nami nikavipeleka usiku kwenye mfuko wa unga.
Sikusema ni vya nani.

Siku ile, dakika kumi kabla ya filimbi,
soli ya Badi iliachama mdomo.
Kocha Mwatela akatutazama mmoja mmoja,
si nyuso, miguu.
"Kaingu. Vua."
Nikavua.
Mimi navaa arubaini na tatu, yeye arubaini na moja,
tukajaza gazeti la juzi kwenye ncha,
ukurasa wa tanzia, tukacheka sana.
Kifo tulikiona karatasi ya kuzibia nafasi.

Nikakaa benchi na soksi zangu,
na leo nasema kweli, simfichi mtu:
niliomba ateleze.
Si avunjike, la. Ateleze tu,
kocha ageuke aniite,
nami nimuulize, kwa viatu gani?

Hakuteleza.
Dakika ya themanini na nane
mpira ulitoka kona ya upande wa msikiti,
akaupokea kwa kifua, akauacha ushuke
polepole, kama mgeni unayempisha mlangoni,
halafu kushoto.
Wavu ukavimba.
Nilipiga ukelele mpaka sauti ikakauka,
na dua yangu na ukelele wangu
vilitoka koo hilohilo.

Kesho yake alinirudishia vimeoshwa,
gazeti bado limo ndani, limelowa, limeshikana.
Sikuvivaa tena. Vilinibana,
sijui vipi, vya kwangu mwenyewe.
Haukupita muda, homa. Siku nne Makadara.
Ya tano tulimpeleka Kikowani,
nami nilishika jeneza upande wa kushoto.

Mamake, Bi Mwanatumu, huja baada ya swala ya Ijumaa.
Uso hautazami.
"Huyu simjui," alisema mara ya kwanza,
na hajaurudia kuutazama.
Huinama akakipapasa kiatu cha kushoto,
kile kilicho chini, kilichobeba uzito wote,
akafuata mshono kwa kidole
kama anayesoma herufi ndogo.

Wiki iliyopita aliniita.
"Hivi viatu vya nani, mwanangu?
Badi hakuwa na viatu vilivyoshonwa hivi."
"Alipewa, mama."
"Na aliyempa," akasema, kidole bado kwenye uzi,
"alimpa kwa moyo?"

Maji ya ndoo yalikuwa safi.
Nikaenda kuyabadilisha.